Rejeo Namba Sitini na Moja

Mswada ulirudi kutoka London kwa mara ya tatu, na safari hii mhariri alikuwa ametumia wino mwekundu.

Kiprugut, karani wa kituo kidogo cha utafiti wa mifugo huko Ndabibi, aliufungua mezani akatamani kuulalia. Marejeo sitini na manne! Mara ya kwanza walitaka mwaka ufuate jina. Mara ya pili walitaka majina ya majarida yafupishwe, tena kwa ufupisho wao wenyewe. Sasa, Mei 1957, walitaka namba za kurasa, ya mwanzo na ya mwisho, kwa kila rejeo. Hawa ni watu walioshiba, aliwaza, ndiyo maana wana nafasi ya kugombana na nukta.

"Iko barua?" Bwana Pratley, mtafiti mwenye mswada, aliuliza kutoka mlangoni, buti zake zikinuka dawa ya josho.

"Iko, Bwana. Imetoka kwa mhariri mpya. Anaanza kwa kusema—"

"Hapana soma yote. Sema nataka nini tu."

"Anataka kurasa, Bwana. Hasa za namba sitini na moja."

"Basi tafuta."

Ndivyo mambo yalivyokwenda pale kila siku. Barua zilifunguliwa na Kiprugut, zikajibiwa na Kiprugut, na Bwana akatia sahihi chini huku akiwatazama ng'ombe dirishani.

Kiprugut alivumilia kwa sababu mwishoni mwa mswada kulikuwa na mistari miwili ya shukrani, na ndani yake jina lake. Kwa miaka minne alikuwa akiwahesabu kupe nyasini, kwenye jua na kwenye mvua. Jina hilo likichapwa, angeweza kuomba kazi ya msaidizi wa utafiti, aondokane na taipu na kibanda cha mabati ambamo mkewe, Chepkemei, alikohoa kila Julai.

"Baba Jeruto, hilo jina lako linakuja lini?" Chepkemei alizoea kumwuliza.

"Imebaki kidogo," naye alizoea kujibu.

Alifanya kazi siku kumi na moja. Vitabu vilikuja sandukuni, kwa treni kutoka Nairobi hadi Naivasha, kisha kwa lori la maziwa. Macho yalimwuma, mgongo ukamwuma. Vidole vilikuwa vyeusi kwa kaboni, maana kila ukurasa ulihitaji nakala tatu, na kosa moja lilikuwa makosa matatu.

Siku ya kumi na mbili akaifikia namba sitini na moja: Whitlow, 1931. Bwana alikuwa amelinakili rejeo hilo kutoka kitabu cha mtu mwingine, bila kuisoma makala yenyewe. Kiprugut akaisoma. Zilikuwa kurasa tisa tu, lakini ukurasa wa saba ulimfanya aketi wima. Kupe, ilisema, anaweza kukaa nyasini miezi kumi na minne bila kuonja ng'ombe, na asife. Hilo ndilo jambo ambalo mswada wa Bwana ulidai limegunduliwa Ndabibi, kwa mara ya kwanza duniani.

Akampelekea Bwana kitabu.

Bwana Pratley alisoma akiwa amesimama. Masikio yake yakawa mekundu.

"Toa hii," alisema.

"Nitoe rejeo lote, Bwana?"

"Toa. Jina hapana, kurasa hapana, maneno kwisha."

"Lakini Bwana, huyu Whitlow, siku ile nilitaka kukuambia—"

"Whitlow nakufa zamani! Nani nasoma kitabu ya 1931? Wewe?"

"Nimesoma, Bwana. Na huyo Whitlow si—"

"Wewe iko karani ama iko daktari?" Bwana alichukua kalamu na rula, akafunua ukurasa wa mwisho wa mswada, akaikata ile mistari miwili ya shukrani, polepole, mmoja baada ya mwingine. "Sasa piga safi. Jumatatu naenda posta."

Ilimwuma Kiprugut, tena ilimwuma sana. Alitaka kusema habari ya miaka minne na ya nyasi, lakini akauchukua mswada, akarudi mezani kwake.

Kwa kuwa W iko karibu na mwisho wa orodha, alipata ahueni kidogo: ni namba tatu tu zilizohitaji kubadilishwa. Alipiga upya kurasa zilizohusika, nakala tatu tatu, bila Whitlow na bila Kiprugut. Akahakiki kila nukta. Hakuwahi kufanya kazi safi kama ile, wala kuchoka namna ile.

Jioni alimwambia mkewe kwamba jina halitakuja. Chepkemei alimwongezea chai, akakaa karibu naye.

Jumatatu asubuhi Bwana alitia sahihi bila kuangalia.

"Sasa yeye nafurahi?" aliuliza.

"Nani, Bwana?"

"Huyo mhariri yako."

"Atausoma kwa makini sana, Bwana," Kiprugut alijibu.

Akautia mswada kwenye bahasha kubwa, kisha akaingiza kibandiko cha anwani kwenye taipu. Akapiga maneno yale yale yaliyokuwa juu ya barua ya mwisho kutoka London: Profesa H. J. Whitlow, Mhariri.