Kanali na Betri za Rimoti

Kanali mstaafu alikuwa amelala kifudifudi nyuma ya sofa lake mwenyewe, betri za rimoti mfukoni, akimsubiri mama mkwe atoke sebuleni ili naye ainuke.

Msimcheke. Angefanyaje? Mama mkwe hafukuzwi, hata kumkoholea ni utovu wa adabu. Alikuja "kwa siku chache tu, baba", akakikalia kiti cha Kanali mbele ya televisheni, akaota mizizi. Na kiti kile ndicho Kanali alichokuwa akikiota miaka yote ya kazi. Sasa mwenye nyumba anakaa kwenye stuli!

Heri yake, kwenye chuo cha jeshi alikuwa akifundisha vita vya msituni. "Mnyonge hajitokezi uwanjani," aliwaambia wanafunzi. "Anamchosha mvamizi kidogo kidogo mpaka aondoke kwa miguu yake. Na mvamizi mumjue: hajioni mvamizi hata siku moja. Anadhani kaja kusaidia."

Basi akaingia kazini. Betri zikapotea. Balbu ya chumba cha mgeni ikalegea. Redio ikaanza kujiwasha alfajiri kwa muziki wa gwaride.

Mama mkwe hakulalamika. Ila mambo yakaanza kumgeukia Kanali. Soksi zikabaki za mguu mmoja mmoja. Stuli ikaanza kuyumba. Chai ikaja na chumvi.

"Maskini mkwe wangu!" mama mkwe akashika kifua. "Macho ya uzee haya, utanisamehe."

Kisha mashoga zake wakawa wanakuja kila alasiri, sebule ikajaa vicheko, na Kanali, kwa heshima ya ukwe, akahamia uani na kikombe chake, juu ya ndoo iliyofunikwa.

Kilichomuuma zaidi ni mkewe. Tangu astaafu alikuwa amemsaidia mno. Alimpangia sufuria kwa urefu na vitambaa vya jikoni kwa rangi. Kila asubuhi alimkagulia jiko, na mkewe akitoka, alimweleza anakwenda wapi na atarudi saa ngapi. Mara nyingine mkewe alitokwa na machozi kwa shukrani. Leo yote yamevurugika, na mkewe anacheka na mama yake mpaka anashika ukuta.

"Raia wametekwa," Kanali akajisemea kwa uchungu.

Akampigia simu mume wa dada mkubwa wa mkewe, mhasibu mstaafu, maana mama mkwe alikuwa ametokea huko. Zamani bwana yule alikuwa hatoki nyumbani kwake. Siku hizi anashinda shambani.

"Kubali yaishe, ndugu yangu," mhasibu akasema, kuku wakipiga kelele nyuma yake. "Tafuta pa kwenda mchana. Mimi nilijaribu kupigana, nikaishia kufuga."

Kanali aliumia, tena sana. Lakini chuoni walikuwa wakimbembeleza arudi kufundisha, na ndoo ile ilikuwa imeshamharibu kiuno. Asubuhi moja akavaa suti, akaaga.

"Nenda salama, baba," mama mkwe akamwambia kwa upole wote. "Ya nyumbani tuachie sisi."

Alipofika getini akakumbuka miwani. Akazungukia uani, akinyata kwa mazoea. Dirisha la jikoni lilikuwa wazi. Mkewe alikuwa anaimba huku akizirudisha sufuria zilipokuwa zamani, ndefu na fupi hovyohovyo. Kiti cha sebuleni kilikuwa kitupu.

Mama mkwe alikuwa amesimama katikati ya jiko, viatu mguuni, begi lake mlangoni, simu sikioni.

"Huyu naye ameshatoka," alikuwa akimwambia binti yake wa mwisho. "Mgumu kuliko wa dada yenu mkubwa, lakini ametoka. Haya, mwanangu, wa kwako anastaafu lini?"