Namba Aliyoificha Byabato

Nilikwenda ofisini Miembeni kuchukua vitu vya marehemu mume wangu, Byabato. Fundi wa kompyuta aliyepewa nafasi yake alinipa kiti, nikakaa nikimnyonyesha mtoto wetu wa miezi minne.

"Shemeji, mumeo alikuwa kichwa," alisema, akinigeuzia kompyuta. "Mashine zikiwasiliana zinaacha namba tu. Programu yake inazitafuta kwenye orodha, inakuandikia majina: mashine ipi imeitwa, na kwa huduma gani."

Nikasoma. Ofisi ya Muleba, barua. Ghala, kuchapa. Darasa langu la saba lilitosha kwa hayo.

Mstari mmoja ulikuwa namba tupu.

"Huu mbona hauna jina?"

"Jina lipo. Aliiambia programu isilitaje." Akacheka. "Huyu jamaa alikuwa anatuficha nini?"

Akafuta agizo lile, akabonyeza. Namba zikageuka maneno: Kliniki ya kupima UKIMWI, majibu.

Fundi akaacha kucheka. "Labda ni kazi tu, shemeji. Pengine alikuwa anawatengenezea mashine."

Nilikuwa naitazama tarehe ya mstari ule: 12 Juni 1999. Siku hiyo jioni ndugu zake walileta rubisi, pombe ya ndizi, ya posa kwetu Rubafu, naye akanipokeza kibuyu kwa mikono miwili. Ndoa tulifunga Agosti.

Mtoto alikuwa ananyonya, macho kayafumba. Nilipenyeza kidole pembeni mwa mdomo wake, nikamtoa kwenye titi.