Gari la Daktari wa Kike

Mtu alichovya kiganja kwenye damu ya kondoo, akakibandika kwenye mlango wa gari alilotoka kulinunua, na wenzake wakashangilia. Rabab aligeuza uso. Harufu ilikuwa imeshamfika kooni.

"Langu lisiguswe na uchafu huo, baba."

"Mama yako alikuwa hivyohivyo," alisema Haji Mitwalli. "Lakini husuda za watu lazima zikingwe. Ukishindwa kuutazama mkono wa damu, unapigwa mahali usipoonekana."

Wakaendelea kupenya kati ya safu za magari, kwenye uwanja wa vumbi pembeni mwa Kairo ambako kila Ijumaa watu huja kuuziana mikweche. Rabab alikuwa muuguzi, mama wa binti mmoja mdogo, na hili lingekuwa gari lake la kwanza. Zamu yake ya upatu ilikuwa imefika, ila fedha zile hazikutosha. Zilizobaki angelipa mwezi kwa mwezi, na kwa kila mwezi angetia sahihi hati ya amana. Hati moja ikikosa kulipwa, ni jela. Ndiyo maana alikuja na baba yake.

Haji alilionea kinyaa soko zima. Alianza kila gari kwa kuchungulia chini ya boneti, kisha akagonga milango kwa vidole vinne ambavyo mashine ya kiwandani ilimwachia katika mkono wa kulia. Aligonga, akasikiliza, akatema mate. Hili limejazwa puti kufichia mabonde. Lile limelala majini. Muuzaji mmoja alipoapa kwa msahafu, Haji alimwambia akanawe mdomo kwanza.

"Usitie sahihi ya miezi mingi kwa gari litakalokufa kabla ya deni," alimwambia binti yake. "Na usinunue kwa masikio. Hawa wanaouza gari bovu huku wanajua, ni wauaji. Ila tu hawabaki kuitazama maiti." Akapangusa mikono kwa leso, kana kwamba maneno yenyewe yalikuwa na grisi. "Mimi nimeuza gari moja tu maishani mwangu, wewe hujaanza hata kutembea. Aliyelinunua aliondoka akiniombea dua."

Rabab alikuwa ameisikia habari ya dua ile tangu utotoni, na kila mara ilimpendeza.

Ni yeye aliyeliona gari dogo jeupe, la Kitaliano, la mtindo wa zamani. Bei yake ilikuwa ndogo kiasi kwamba hati zingepungua nusu. Mwenye kuliuza, jitu nene liitwalo Sherbini, alikuwa akitafuna mbegu za alizeti, na maganda yamemganda mdomoni.

"Karibu, dada. Hili lilikuwa la daktari wa kike. Nyumbani na kliniki, kliniki na nyumbani. Halijawahi hata kukwaruzwa."

Rabab alimgeukia baba yake. Haji alikuwa amesimama mbali, kama mtu aliyenusa mzoga.

"Tupite," alisema.

"Hujaligonga, baba."

"Halina haja ya kugongwa. Limekatwa katikati, likaunganishwa na nusu ya gari jingine. Nyanyua zulia, nyuma ya kiti cha dereva."

Sherbini alicheka, akalinyanyua mwenyewe, kisha kicheko kikamkauka. Pale chini mshono wa kuchomelea ulikatiza sakafu nzima, mnene, umeliwa na kutu, kama kovu la mtu aliyepasuliwa na mchinjaji. Rabab aliutazama. Hapo hasa ndipo angefunga kiti cha mwanawe.

"Mzee wangu, una macho ya eksirei," alisema Sherbini.

Rabab alimuuliza kama haoni haya. Hakuona. Alitema ganda, akaeleza kwa utulivu kwamba yeye alilinunua kwa jirani yake, na jirani alilinunua kwa mwenye gari wa kwanza, aliyelitoa dukani likiwa jipya. Habari za daktari zilitoka kwa huyo, aliyedai kwamba mkewe ni daktari na ndiye aliyeliendesha. Yeye anazipokeza tu.

"Na alikuwa bwana wa heshima zake, dada, si mhuni kama mimi. Jirani alipositasita, aliapa kwa uhai wa binti yake mchanga."

Rabab aligeuza uso kama alivyougeuza mbele ya kondoo. Kuapa kwa uhai wa mtoto, juu ya chuma hiki.

"Mungu asimsamehe," alisema. "Popote alipo."

Haji hakuitikia amina. Alikuwa ameshaanza kuondoka.

"Basi njoo uone injini," Sherbini alimwita. "Injini haina uongo, wallahi."

"Rabab. Twende."

Sauti ile hakuizoea. Lakini Sherbini alikuwa ameshainua boneti na kuitegemeza kwa fimbo yake, na tangu asubuhi baba yake mwenyewe alikuwa akimsisitizia asiondoke kwenye gari lolote kabla ya kuchungulia humo.

Akachungulia. Upande wa ndani wa boneti haukupakwa rangi nyeupe, hakuna aliyejisumbua. Bado ulikuwa mwekundu, rangi ya kiwandani, na katikati yake alama ya kiganja, ya kahawia, kavu, damu ya zamani iliyokwisha kula rangi. Kilikuwa kiganja cha mkono wa kulia. Ingawa kilimtia kinyaa, alisogeza uso karibu. Kidole gumba. Cha shahada. Cha kati. Kisha pengo, kisha kidole cha mwisho.

Aligeuka. Haji Mitwalli alikuwa amesimama njiani juani, akimsubiri, mkono wa kulia ameuzamisha mfukoni.