Maji ya Kaburini

"Mwanangu, tumzike baba yako saa ngapi?" aliuliza baba mdogo.

Regina, mtabiri wa hali ya hewa, alitazama kompyuta: mvua adhuhuri. "Tusubiri alasiri, baba. Itakuwa imekatika."

Adhuhuri jua likawaka Kidahwe nzima. Jeneza lilipofika kaburini alasiri, ndipo mvua ilipomwagika.

Utabiri wa kompyuta huiwahisha mvua ya mchana kwa saa kadhaa. Kila siku kazini Regina huisahihisha. Leo, kwa kilio, alisahau.

Vijana walichota maji kaburini kwa ndoo, yakajaa tena. "Basi, tushushe hivyohivyo," alisema baba mdogo.

Miezi yote ya ugonjwa, Regina ndiye aliyemchemshia baba yake maji ya kuoga, akiyapima kwa mkono. Sasa alichutama kando ya kaburi, akatumbukiza mkono kwenye ndoo.

"Subirini kidogo," alisema. "Bado ya baridi."