Kingozi cha Pampu

Kila wiki Mwanahija humfungashia mumewe mfuko wa baiskeli wa safari ya mnadani: viraka, gundi na msasa, basi. Pampu hubaki nyumbani. Barabara nzima ile ina watu wao, na akipata pancha Mbaraka hupiga hodi nyumba yoyote akaazimwa.

Leo Mwanahija alikuta pampu imeshatiwa mfukoni, na spana zote, na mpira mpya.

“Baba Chiku, pampu ya nini tena? Si utaazima kwa shemeji Kombo?”

“Nimechoka kusumbua watu,” alijibu bila kumtazama, akaingia ndani kuvaa.

Mwanahija aliitoa pampu mfukoni. Abebaye pampu anakwenda asikojulikana. Akaifungua upesi, akachomoa kingozi cha ndani kinachosukuma upepo, akairudisha.

Mbaraka alipotoka, aliikokota baiskeli hadi uani, akasita. Akaitoa pampu, akaisukuma mara moja kiganjani. Haikutoa hata pumzi. Akamtazama mkewe kitambo, akaitia tena mfukoni, akapanda.

Mwanahija alibaki kaikodolea macho njia panda, pale barabara ya mnadani inapoachana na ile nyingine isiyo na watu wao, ngumi kaifumba, kingozi kinalowa jasho ndani yake.