Muuza Nyama Aja Kunipa Moyo

Tangu asubuhi nilikuwa nimegoma kwenda kuzibuliwa mshipa wa moyo. Rafiki zangu wawili, fundi cherehani na muuza nyama, wakaja hospitalini kunibembeleza.

“Moyo ni nyama tu, ndugu yangu,” alisema muuza nyama, akinipigapiga begani. “Mimi nakata mioyo kila siku.”

Muuguzi, akitumaini nitakubali, alikuwa akininyoa paja. Ngozi ilibaki na vipele kama ya kuku aliyenyonyolewa. Akatueleza kwa upole, “Mrija utaingilia hapa, upande taratibu mpaka kwenye moyo.”

Tukasikia kishindo. Muuza nyama alikuwa sakafuni, amezimia.

“Sasa mgonjwa ni nani?” akauliza fundi.

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Kisha nikashuka kitandani.

“Mlazeni hapa,” nikawaambia. “Mimi nitakwenda kuzibuliwa, tena kwa miguu.”