Usiguse Waya Huo

Mlinzi wa jengo jipya alimzuia getini binti mwenye sare za shule, kiatu kimoja mkononi, jasho limemlowesha mpaka kwenye kola.

"We binti, unakwenda wapi? Hapa watu wako kazini."

"Baba yangu! Fundi umeme! Yuko ghorofa ya ngapi?"

"Ya tatu. Lakini subiri kwanza..."

Asubiri nini? Alimpita kama hayupo, akazivamia ngazi.

Huko shuleni, kidato cha mwisho, wenzake walimwita Daktari kwa jinsi alivyoipenda biolojia. Asubuhi hiyo mapenzi yalimtokea puani. Mwalimu alikuwa akifundisha mambo ya kurithi, akapitisha kitabu chenye picha za madoa ya rangi, kila picha ina namba iliyofichwa ndani yake. Darasa zima likasoma namba. Yeye aliona madoa matupu. Akadhani wanamtania, maana wale kwa utani hawajambo.

"Una upofu wa rangi," mwalimu akasema, macho yakimng'aa kwa furaha ya kupata mfano ulio hai. "Nyekundu na kijani unazichanganya. Kwa wasichana ni nadra sana! Mvulana huurithi kwa mama peke yake. Lakini msichana, ni lazima na baba aliyemzaa awe nao. Lazima kabisa."

Wenzake wakacheka. Yeye akamfikiria baba. Baba yake alishinda na nyaya, nyekundu na za kijani, kutwa kucha, na leo alikuwa anaunganisha umeme wa jengo zima. Mwaka jana umeme ulimrusha kutoka juu akalazwa wiki nzima, na alipoulizwa akasema ni uchovu tu. Uchovu! Binti alichomoka na kitabu cha watu, hata ruhusa hakuomba.

Sasa alimkuta baba juu ya ngazi ya mbao, bisibisi mdomoni, mkono umezama ndani ya boksi la ukutani.

"Baba, usiguse waya huo!"

Bisibisi ikaanguka. "Kuna nini? Mama yako mzima?"

"Mzima. Shuka, baba. Shuka, nakuomba!"

Akashuka. Binti alimweleza yote kwa mkupuo, maneno yakigongana: madoa, namba, mwalimu, ile ajali.

"Amesema siwezi kuwa nao mpaka baba aliyenizaa awe nao. Siku moja utashika waya usio wenyewe, baba. Utakufa! Na sisi utatuacha na nani?"

Fundi alijifuta mikono kwenye suruali, akajifuta tena.

"Nikikuonyesha kwamba naona vizuri, utaniacha nifanye kazi?"

"Nitakuacha. Lakini usinidanganye, majibu ninayo huku nyuma."

"Haya, lete hicho kitabu."

Akafungua ukurasa. "Sabini na nne."

Binti alichungulia majibu huku roho iko mkononi. Sawa.

"Sita. Arobaini na tano. Hii ishirini na tisa."

Sawa, sawa, sawa. Aliisoma picha moja baada ya nyingine bila kukwama, na kila alipopatia, binti alivuta pumzi kidogo. Ilipofika ya mwisho, alimrukia shingoni, akacheka na kulia kwa pamoja.

"Hunao, baba! Hunao kabisa! Kumbe nimekimbia njia nzima kama kichaa kwa hofu ya bure. Yule mwalimu kanikosesha raha, nikirudi atanitambua! Ngoja nimhadithie mama jioni, atacheka mpaka..."

Fundi hakucheka. Alikifunga kitabu taratibu, akamrudishia, akaishika mikono yake yote miwili.

"Mama usimwambie, mwanangu," akasema kwa sauti ya chini. "Miaka yote hii anaamini sijui."